Titani: Imara Kama Chuma, Inalika Kama Sabuni

Nimekuwa kimya kwa muda, wasomaji wangu. Kazi ya kuandika programu ilinimeza. Leo lakini siandiki kuhusu programu, wala simu, wala intaneti. Naandika kuhusu bolti.

Mwaka jana niliagiza bolti na nati za titani kwa ajili ya baiskeli yangu. Sababu yenyewe ilikuwa kujionyesha tu. Nilikuwa nimesoma kwamba hii ndiyo metali ya ndege za kivita, kwamba ni nyepesi na haipati kutu. Nikazifunga zikiwa kavu, bila grisi, nikaendesha baiskeli kwa miezi michache. Siku ya kuzifungua, nati iligeuka robo mzunguko, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikagoma kabisa. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa jua kali hapa mtaani. Akajaribu spana ya kwanza, akajaribu ya pili, akaweka vyombo chini na kucheka.

"Kijana wangu, hawa wameoana," akasema. "Talaka yao ni msumeno."

Nilicheka nikalipa, msumeno ukafanya kazi yake. Lakini usiku ule nilianza kusoma, na kama kawaida yangu nikazama. Nilikuta kwamba yule mzee alikuwa ameeleza kwa neno moja tatizo ambalo limewasumbua wanasayansi kwa miaka mingi, na ambalo limewaumiza watu ndani ya miili yao. Nikakuta pia kwamba sehemu ya dawa yake ilitoka mahali ambapo sikutarajia: kwenye kinu.

Kuvunjika si kulika

Tuanze na neno "ngumu". Sisi hulitumia kwa mambo matatu tofauti. Kuna kitu kisichokatika ukikivuta. Kuna kitu kisichobonyea ukikikandamiza kwa ncha kali. Na kuna kitu kisicholika ukikisugua siku baada ya siku. Mambo haya hayaendi pamoja kila wakati. Kamba ya katani hubeba ndoo ya maji bila taabu, lakini ipitishe kwenye ukingo wa kisima kila asubuhi kwa mwaka mzima, uone itakavyokuwa.

Titani ni kama kamba hiyo. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina uzito wa gramu 4.5 hivi, ilhali ya chuma ina gramu 7.8. Aloi yake maarufu zaidi, yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, huhimili mvuto wa megapaskali 900 na zaidi kabla ya kukatika. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya chuma laini cha kawaida. Kwa karatasi za majaribio, huyu ni mwanafunzi wa kwanza darasani.

Sasa msugue.

Mwaka 1953 Mwingereza J. F. Archard alichapisha kanuni fupi ya kulika kwa vitu. Kwa sisi wa kompyuta inasomeka kirahisi:

V = K × W × L / H

V ni kiasi cha metali kilicholika. W ni mzigo unaokandamiza, L ni umbali wa kusuguana, na H ni ugumu wa uso. K ni namba inayoeleza jinsi jozi hiyo ya vitu inavyopatana au kugombana. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu anaijua namba ya aina hii. Ndiyo ile tunayoiweka mwishoni ili hesabu ilingane na ukweli, na ndani yake ndimo yanamojificha mambo yote tusiyoyaelewa vizuri. Kwa titani, balaa kubwa limo ndani ya K.

Sababu ni njaa. Titani ina njaa kali ya oksijeni. Ikiguswa na hewa tu, uso wake hujivika ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia kutu. Lakini ni nyembamba mno. Ukisugua titani kwa titani, ngozi inachanika, metali iliyo uchi inakutana na metali iliyo uchi, na kwa ile njaa yake zinashikana papo hapo. Ukiendelea kuvuta, kipande kinang'oka upande mmoja na kubaki upande wa pili. Juu ya hayo, joto halitoki haraka. Ile aloi ya alumini na vanadi hupitisha joto kwa kiasi cha wati 7 hivi kwa mita kwa digrii, wakati chuma cha kawaida hufikia kama 50. Kwa hiyo mahali pa msuguano panazidi kuwaka na kushikana kunazidi. Hiyo ndiyo ndoa aliyoiona fundi wangu.

Njaa iliyochukua miaka 119

Njaa hiyo hiyo ndiyo iliyochelewesha metali hii kuingia duniani. Mwaka 1791 kasisi William Gregor wa Cornwall, Uingereza, alichunguza mchanga mweusi na kukuta ndani yake kitu kigeni. Mwaka 1795 Mjerumani Martin Klaproth akakipa jina la Watitani wa hadithi za Wagiriki. Lakini kukipa jina si kukishika mkononi. Chuma hupatikana kwa kuchoma mawe yake pamoja na makaa. Ukifanya hivyo kwa titani, inaachana na oksijeni na kuyakumbatia makaa yenyewe, na unapata kabidi badala ya metali.

Ilifika 1910 ndipo Matthew Hunter, huko Marekani, alipopata titani iliyo karibu safi kabisa kwa kupasha moto kloridi yake pamoja na sodiamu ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa. Kisha Wilhelm Kroll wa Luxembourg akatumia magnesi badala ya sodiamu, akapata hataza ya Marekani mwaka 1940. Mwaka 1948 kampuni ya DuPont ilianza kuiuza kibiashara. Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na watengenezaji wa ndege waliipokea kwa mikono miwili.

Kwa msomaji wa Kenya, mchanga ule mweusi si jambo la mbali. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa aina hiyo Kwale kuanzia 2013, na shehena ya kwanza kubwa ilitoka Likoni mwezi Februari 2014. Uchimbaji ulimalizika Desemba 2024. Wengi wetu tulidhani mchanga ule unakwenda kuwa ndege. Ukweli ni kwamba duniani kote sehemu kubwa mno ya madini haya huishia kuwa unga mweupe wa kutia rangi, kwenye makopo ya rangi ya nyumba na hata kwenye dawa ya meno. Ni sehemu ndogo tu inayokuwa metali.

Ilipoingia ndani ya nyonga

Hapa ndipo hadithi inapouma. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikana vizuri na titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza meno juu ya mizizi ya titani. Mwili hauigombi metali hii, haishiki kutu kwenye chumvi ya damu, na ni nyepesi. Madaktari wa mifupa nao wakaipenda. Baadhi ya nyonga bandia zilitengenezwa kwa aloi ya titani si kwenye shina linaloingia mfupani tu, bali hata kwenye kile kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki.

Mfikirie mgonjwa huyo. Amefanyiwa upasuaji, ameweza tena kupanda ngazi, amerudi shambani au kazini. Kila hatua anayopiga, kichwa kile kinasugua. Ngozi ya oksaidi inachanika na kuota tena, inachanika na kuota tena, na vumbi laini la metali linamwagika ndani ya kiungo. Baada ya miaka michache maumivu yanarudi. Madaktari walipofungua nyonga kama hizo walikuta nyama iliyozunguka kiungo imekuwa nyeusi. Mwaka 1988 jarida la Marekani la upasuaji wa mifupa na viungo lilichapisha uchunguzi wa nyama za wagonjwa ambao nyonga zao za aloi ya titani zilikuwa zimeshindwa, na vumbi la metali lilikuwa limejaa humo.

Tangu hapo kazi ziligawanywa. Titani ikabaki kwenye shina, mahali pa kushikana na mfupa. Kichwa kinachosugua kikapewa aloi ya kobalti na kromi, au kauri.

Nilipofika hapa nilisimama kidogo. Metali ile ilikuwa imefaulu mitihani ya nguvu, ya kutu, na ya kupatana na mwili. Nguvu unaweza kuipima mchana mmoja. Kulika kunapimwa kwa mamilioni ya hatua. Katika kazi yangu nimewahi kuona programu ikipita majaribio yote Ijumaa jioni, kisha ikaanguka mwezi wa nne kwa sababu ilikuwa inavuja kumbukumbu kidogo kidogo. Hakuna aliyeumia, tuliiwasha upya tu. Nyonga ya mtu haiwashwi upya.

Kinu cha Benjamin

Sasa twende kwenye kinu, na tuiache titani kando kwa dakika chache, kwa sababu kilianza na nikeli.

Katikati ya miaka ya 1960, John Benjamin alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya INCO huko Sterling Forest, jimbo la New York. Walitaka aloi ya nikeli itakayostahimili moto mkali ndani ya injini za ndege, na walijua kwamba punje ndogo sana za oksaidi zikitawanywa ndani ya metali huiimarisha. Shida ilikuwa kuzitawanya. Ukizitia kwenye nikeli iliyoyeyuka zinaelea juu au kujikusanya mabonge, kama unga uliotiwa kwenye maji yaliyochemka bila mwiko.

Benjamin aliamua kutoyeyusha kabisa. Alichukua unga wa metali na unga wa oksaidi, akautia kwenye kinu chenye gololi za chuma, akausaga kwa nguvu kwa saa nyingi. Kinu kikubwa cha namna hiyo, chenye mikono inayokoroga gololi, kilikuwa kimebuniwa na Andrew Szegvari mwaka 1922 kwa kazi nyingine kabisa ya kuchanganya salfa kwenye mpira.

Usidhani ni kusaga kama kwa mashine ya mahindi, ambako punje huzidi kuwa ndogo basi. Metali hubonyea bila kupasuka, tofauti na mahindi makavu. Gololi mbili zikigongana, punje iliyo katikati inabapuka kama chapati. Punje mbili zilizobapuka zikibanwa pamoja zinaungana. Zikigongwa tena zinakunjika, zinavunjika, zinaungana upya. Aliyewahi kumtazama mama akipika chapati za tabaka anaijua kazi hii: sukuma, paka mafuta, kunja, sukuma tena. Baada ya mikunjo elfu kadhaa tabaka huwa nyembamba hata huwezi kuziona, na kila punje ya unga inakuwa imebeba mchanganyiko wote ndani yake. Hakuna kilichoyeyuka.

Mwanzoni waliita kazi hiyo kusaga na kuchanganya tu. Aliyeipa jina la heshima, yaani kutengeneza aloi kwa nguvu za kimakanika, alikuwa mwanasheria wa hataza wa kampuni hiyo, Ewan MacQueen. Benjamin alichapisha matokeo yake mwaka 1970. Mwaka 1983 Carl Koch na wenzake walisaga nikeli na niobi pamoja mpaka mpangilio wa atomi ukavurugika kabisa, ukawa kama wa kioo. Baada ya hapo maabara nyingi duniani zilianza kutia kinuni kila kitu, na titani ikafikiwa.

Titani inapokula ndani ya kinu

Titani kinuni ni mgeni msumbufu. Inang'ang'ania gololi na kuta za kinu, kama ilivyong'ang'ania nati yangu. Ili kuizuia, wasagaji hutia kidogo asidi ya steariki, ile inayotumika kwenye mishumaa na sabuni. Lakini kila mgongano unafungua uso mpya ulio uchi, na uso huo unakula chochote kilicho karibu. Ukisaga kwenye hewa, inakula oksijeni na nitrojeni na kuwa kavu yenye kukatika kama biskuti. Kwa hiyo husagwa ndani ya gesi ya argoni, ambayo haiwezi kuila. Hata ile asidi ya steariki huacha kaboni nyuma yake.

Mtu angesema basi, tumeshindwa. Lakini hapa ndipo watafiti walipogeuza ubaya kuwa faida. Ikiwa metali hii lazima ile, tuipimie chakula. Isage pamoja na vimiminika vyenye kaboni, kisha uipashe moto, na ndani yake zitazaliwa punje za kabidi ya titani. Isage ndani ya nitrojeni, itakuwa nitraidi. Ipe boroni, utapata boraidi. Kabidi ile ile iliyokuwa ikiwaharibia kazi wachoma makaa wa karne ya 19 ni mojawapo ya vitu vigumu sana tunavyovijua. Kwenye kipimo cha Vickers aloi ya titani hupata kama 350. Kabidi yake hukaribia 3,000.

Rudi kwenye kanuni ya Archard. H imepanda. Na K nayo inashuka, kwa sababu punje ngumu zinajitokeza kidogo juu ya uso na kubeba mzigo, kama kokoto kwenye zege la barabara, hivyo metali laini haikutani na mwenzake uchi kwa uchi. Zaidi ya hayo, kusaga hugawanya fuwele za ndani ya metali ziwe ndogo sana, na tangu E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 tunajua kwamba kadiri fuwele zinavyokuwa ndogo ndivyo metali inavyozidi kuwa ngumu.

Bure ni ghali, lakini. Unga lazima ushindiliwe na kuokwa ili uwe kipande kimoja, na joto la kuoka hukuza tena zile fuwele. Ukiharakisha kuoka, vinabaki vitundu, na vitundu ni mwanzo wa nyufa. Ukizidisha punje ngumu, kipande kinakuwa rahisi kukatika. Na punje isiyoshikiliwa vizuri ikang'oka, inageuka mchanga kati ya nyuso mbili na kusugua kuliko mwanzo.

Kuna pia moto. Unga laini wa titani na wa ndugu yake zirkoni unaweza kuwaka kwa cheche moja. Tarehe 9 Desemba 2010, katika kiwanda cha AL Solutions huko New Cumberland, West Virginia, unga wa metali hizi uliwaka na kulipuka, na wafanyakazi 3 walipoteza maisha. Ile njaa ya nanomita chache kwenye ngozi ya bolti, ukiizidisha kwa uso wote wa pipa la unga, inakuwa bomu.

Altezza

Je, haya yote yamewahi kutoka maabara? Ndiyo, na pengine yalikupita leo asubuhi barabarani.

Mwaka 1998 Toyota ilizindua gari la Altezza. Mimi nilikuwa bado mchanga. Ndani ya baadhi ya injini zake, zile za gia ya mkono, mlikuwa na valvu za titani zilizotengenezwa kutokana na unga. Takashi Saito na wenzake katika maabara kuu ya utafiti ya Toyota walichanganya unga wa titani na unga wa metali nyingine na boraidi, wakaushindilia, wakauoka, kisha wakaufua. Hawakuusaga kwa ukali wa Benjamin, maana gari la bei ya kawaida haliwezi kulipia saa hizo zote. Waliiachia njaa ya titani ifanye kazi ndani ya tanuri: titani ikaila boraidi waliyoipa na kuzaa boraidi mpya, yenye umbo la sindano, iliyoshikana na metali mama bila mwanya.

Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 3,500. Inapiga kiti chake, na shina lake linateleza juu chini bila kupumzika, kwenye moto. Huko si mahali pa titani tupu. Ile yenye sindano ilidumu, tena ikiwa nyepesi kuliko valvu ya chuma kwa kama asilimia 40.

Magari hayo yalifika Mombasa kama mitumba, miaka mingi baada ya kutoka kiwandani. Wengine waliyapenda kwa taa za nyuma, wengine kwa mlio. Wachache walijua wanaendesha jibu la swali la miaka 40.

Nilirudi kwa yule mzee kumsimulia haya. Alisikiliza akiwa chini ya pikipiki ya mtu, mpaka nilipofika kwenye kinu na chapati. Akatoa kichwa.

"Kwa hiyo dawa ya mwenye njaa ni kumlisha kwa kipimo," akasema. "Na wewe ile baiskeli umeifungia nini?"

Nikamwambia bolti za chuma, na grisi. Akarudi chini ya pikipiki akiwa ameridhika.

Haya, tuonane tena kazi ikinipa nafasi.